Naomba ushauri: vifaa vya kazi ya usiku msitu wa Rondo, Lindi

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nasoma biolojia ya wanyamapori, na mwezi ujao narudi Rondo kuhesabu komba. Yule komba mdogo wa Rondo, aliyetambuliwa kisayansi mwaka 1997, hatoki mchana, kwa hiyo kazi yote ni usiku.

Safari ya kwanza niliumbuka. Tochi ya kichwani niliyonunua kwa bei ya kutupa ilififia saa nne tu, nikarudi kambini nimeshika shati la mzee aliyekuwa akituongoza. Daftari niliandika kwa kalamu ya wino. Manyunyu kidogo, kurasa za siku mbili zikawa madoa ya bluu. Sasa ni penseli tu. Upupu nao nilijikuna hadi alfajiri (shati la mikono mifupi, ujinga wangu mwenyewe).

Sasa, gambuti au buti za ngozi? Gambuti zinanipa amani nikimfikiria kifutu, ila kupanda kule juu nazo miguu inaiva. Halafu taa: mwanga mweupe unawasumbua komba, lakini kwa mwekundu mng'ao wa macho yao siuoni mbali. Nyie mnafanyaje?

Bajeti ni laki mbili na nusu, darubini naazima chuoni. Nianze na kipi? Na anayejua duka la betri zisizo feki Lindi mjini au Mtwara anielekeze.