MREJESHO: Peptidi pinzani ya bombesini kwenye seli za PC-3

Asanteni sana mliojibu. Swali lilikuwa: kwa nini peptidi ileile (kipande kifupi cha protini kinachozuia bombesini, kichocheo cha ukuaji, isishike kipokezi chake) inazuia ukuaji wa seli za saratani ya tezi dume, aina ya PC-3, kwenye plati moja (sahani ya kukuzia seli yenye visima vidogo), halafu inashindwa kwenye nyingine?

Tatizo kubwa ni seramu, yaani majimaji ya damu yanayoongezwa kwenye chakula cha seli. Kwenye 10%, vimeng'enya vyake huikatakata peptidi, na vichocheo vingine vya ukuaji hufunika athari ya bombesini. Ukishusha hadi 0.5% na kuongeza peptidi mpya kila siku, tofauti inaonekana wazi.

Mabaki ya TFA (asidi ya trifluoroasetiki) kutoka kwenye usanisi wa peptidi nayo huweza kubadili ukuaji wa seli, kwa hiyo agizeni peptidi iliyo chumvi ya asetati. DMSO (kiyeyushi cha peptidi) isizidi 0.1%, na kontroli (seli zisizopewa peptidi) ipate kiasi hichohicho. Visima vya pembeni jazeni PBS (maji ya chumvi yenye bafa) tu, maana hukauka haraka.

MTT (kipimo cha rangi) peke yake haitoshi: inapima umetaboli, si idadi ya seli. Hesabuni seli pia. Kisha pandisheni bombesini hatua kwa hatua. Mkunjo wa ukuaji dhidi ya dozi ya bombesini ukisogea kulia bila kilele kushuka, peptidi inashindania kipokezi kweli. Zikifa hata seli zisizo na kipokezi hicho, hapo mnaona sumu, si upinzani.