Zahanati ya kijiji iwe ya Wizara ya Afya, au ibaki TAMISEMI?

MWANZISHA MADA

Wakuu, salaam. Nimekaa na jambo hili moyoni tangu nichaguliwe kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati ya kijijini kwetu. Msimamo wangu nausema mapema ili anayepinga ajue pa kushika: zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zitoke TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), ziende Wizara ya Afya.

Kwa ambaye hafuatilii, hali ndiyo hii. Huku Bara (Zanzibar wana wizara yao, maana afya si jambo la Muungano), Wizara ya Afya inatunga sera, inaandika miongozo ya matibabu, inasimamia Bohari ya Dawa, na inaendesha hospitali kubwa: Muhimbili, za kanda, na tangu 2017 hospitali za rufaa za mikoa. Kuanzia hospitali ya wilaya kushuka chini, mwenye mali ni halmashauri, ambayo iko chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Mganga Mkuu wa Wilaya anaamka asubuhi akiripoti kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Mganga Mkuu wa Serikali aliye Wizarani anamtumia miongozo tu. Hata bungeni bajeti zinasomwa mbalimbali, Wizara kwa Fungu 52, TAMISEMI kwa Fungu 56.

Sasa niwaeleze nilichokiona. Jokofu letu la chanjo linatumia gesi. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Siku moja ya kliniki nilifika nikakuta akina mama wamejaa barazani, watoto mgongoni, kadi mkononi, na muuguzi amesimama mbele ya jokofu lililofunguliwa nusu, anaangalia kipimajoto. Mtungi ulikuwa umekwisha usiku. Chanjo zilizobaki alizipanga kwenye kibebeo chenye vipande vya barafu, akampa kijana wa bodaboda azikimbize kituo cha afya cha jirani. Nauli alitoa mfukoni mwake. Akina mama wakaambiwa warudi wiki ijayo. Mmoja alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alikaa chini ya mwembe akamnyonyesha mtoto, akaondoka bila kusema neno.

Nilipouliza kwa nini hakuna gesi, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba chanjo ni ya Wizara, gesi ni ya halmashauri. Mratibu wa chanjo alikuwa ameandika barua. Barua ilikuwa inasubiri saini ya mtu ambaye kazi yake si chanjo, ana barabara, madawati na mapato ya soko juu ya meza ileile. Simlaumu. Ila nasema mtoto asiyechanjwa siku ile hakuwa na mtu hata mmoja serikalini ambaye ungeweza kumshika mkono ukamwambia, "Hili ni lako." Ndiyo maana nataka wizara moja ishike chanjo, gesi, jokofu na muuguzi. Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA (diwani mstaafu)

Mwanangu, nimekusoma kwa makini na uchungu wako ni wa haki. Lakini dawa unayopendekeza tulishainywa. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa, ikaitwa Madaraka Mikoani, maofisa wa Serikali Kuu wakashika kila kitu mpaka bomba la kijiji. Mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe, na 1982 zikatungwa sheria za kuzirudisha za wilaya. Katiba yetu, Ibara ya 146, inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Halikuwa pambo lile, watu walikuwa wameona huduma zikifa.

Hiyo zahanati yenu nani aliijenga? Kwetu kila kaya ilitoa mawe na ndoo za maji, na akina mama walisomba mchanga kutoka mtoni. Mpango wa mwaka 2007 ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, na maboma mengi yalipanda kwa nguvu za wananchi. Ukishaikabidhi Dodoma, muuguzi akinywa pombe kazini utamshtaki kwa nani? Leo unanifuata mimi diwani nyumbani, nambana Mganga Mkuu kwenye baraza na jibu analitoa mbele ya watu.

MCHANGIAJI WA PILI (mhasibu wa halmashauri)

Mkuu mwanzisha mada, tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Akaunti ni yenu, mpango mnaandika ninyi kamati. Mbona gesi hamkuiweka kwenye mpango? Tusiihamishe serikali nzima kwa sababu ya mtungi.

MWANZISHA MADA

Mkuu, tuliiweka. Mitungi minne kwa mwaka, ukurasa ninao. Fedha ya robo iliingia robo ikiwa inaisha, na wakati huo tulikuwa na deni la mlinzi.

MCHANGIAJI WA TATU (muuguzi, zahanati ya kijijini)

Kaka zangu, na shikamoo mzee wetu diwani. Naomba niseme kutoka ndani, maana mnagombania nyumba ninayolala.

Mabosi wawili ninao kweli. Timu ya wilaya inakuja kunikagua, inakagua vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma, kimoja kimoja, inaandika maoni, inaondoka. Wanakuja wengine kutoka juu na mpango wa ugonjwa mmoja, wanataka takwimu zilezile kwenye fomu yao. Siku hizo foleni inanisubiri. Lakini kinachoniumiza zaidi hamjakigusa. Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee asiyejiweza watibiwe bure. Naikubali kwa moyo wote. Sasa hesabuni nani anakuja zahanati: ni haohao! Aliyesema bure ni Wizara, lakini pengo linabaki kwenye droo yangu. Fedha za uchangiaji wa wagonjwa zingenunua gesi, sabuni na taa ya kuzalishia, ila wa kuchangia ni wachache. Bima ya CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii) ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na mvua ikikataa hata hiyo ilikuwa haipatikani.

Nikikosa dawa Bohari, napata hati ya kukosa, halmashauri inanunua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa. Njia ipo na siku nyingine inafanya kazi vizuri. Inakwama pale ambapo akaunti haina kitu. Mnihamishie Wizarani au mniache hapa, anayetangaza bure alete na fedha ya bure. Nikizalisha usiku kwa tochi ya simu, mama yule hajali mimi ni wa fungu gani.

MCHANGIAJI WA NNE

Wakenya wamekwenda upande wa pili kabisa. Katiba yao ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti hospitali na zahanati, Wizara ikabaki na sera na hospitali za rufaa za taifa. Madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na kaunti na Serikali Kuu walikuwa wakisukumiana. Kwa hiyo mzee diwani asituambie ukaribu unatosha.

MWANZISHA MADA

Mzee diwani, shikamoo, umenitoa kwenye nusu ya hoja yangu na nakubali mbele ya wote. Majengo na kamati vibaki kwa wananchi, mawe yale yana wenyewe. Dada muuguzi naye amenionesha kwamba nilikuwa namtafuta mwenye jokofu wakati tatizo kubwa ni mwenye ahadi.

Lakini nusu ya pili siiachi. Mganga Mkuu wa Wilaya awajibike kitaaluma kwa Mganga Mkuu wa Serikali, kwa barua ya ajira na si kwa mwongozo. Na kitu chochote ambacho Wizara inakitangaza bure au inakileta, kama chanjo, kije na gharama ya kukitunza kutoka Fungu 52 mpaka mlangoni kwetu, na tarehe ya kufika ijulikane.

Naomba mtu aliyefanya kazi hospitali ya rufaa ya mkoa kabla na baada ya 2017 ajitokeze. Mlipohamia Wizarani, barua ya kuomba kifaa ilianza kujibiwa kwa siku ngapi, na ikichelewa mlikuwa mnampigia nani?