Kutune kompyuta ya gari: anayeuza faili awajibike, au kila mtu abebe gari lake?

Mleta mada

Wakuu, nianze na yaliyonikuta, halafu tuchapane kwa hoja.

Nina Subaru Forester ya tabo (ile feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini), mtumba wa Japani. Mwaka jana nililipeleka kwa jamaa mmoja hapa Dar anayetune, yaani anabadili programu inayoendesha injini. Malalamiko yangu yalikuwa mawili: ukikanyaga mafuta gari linafikiria kwanza ndipo liondoke, na foleni ya Mwenge inalimaliza tenki. Jamaa akachomeka waya chini ya usukani, akafungua laptopu, akasoma programu iliyomo kwenye kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, akaituma anakojua yeye. Nusu saa baadaye faili likarudi limeshapikwa, akaliingiza. Laki nne na nusu. Hakuliendesha gari hata mita mia.

Nisiwe mnafiki, siku ile nilifurahi. Gari lilichomoka kama limeona fisi. Wiki tatu baadaye nikawa naelekea Iringa. Katikati ya mlima Kitonga, injini imebeba mzigo, nikasikia sauti kama kokoto kwenye kopo la maziwa. Nikaachia mafuta, ikanyamaza. Nikakanyaga tena, na huo ulikuwa ujinga wangu. Kufika juu, moshi wa bluu. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imemeguka pale zinapokaa ringi.

Fundi aliyeifungua hakusema kitu. Alinipeleka kwenye mdomo wa tenki, akafungua kifuniko, akanionyesha kibandiko cha Kijapani ambacho nimekuwa nakiona kila nikijaza mafuta. Akaniuliza, "Unajua hapa wamekuandikia nini?" Wameandika petroli ya daraja la juu. Kule Japani ile ya kawaida ina okteni (kipimo cha petroli kuhimili bila injini kugonga) kama 90, na ya daraja la juu, ambayo ndiyo gari hili lilitengenezewa, huuzwa ikiwa karibu na 100. Ninayojaza mimi hapa haifiki huko. Maana yake gari langu lilikuwa linaishi kwa huruma ya sensa ya kugonga. Sensa ikisikia injini inagonga (mafuta yanajilipukia ovyo ndani, ile sauti ya kokoto), boksi linachelewesha cheche, na ukichelewesha cheche nguvu inapungua. Huenda ndiyo maana lilikuwa "linafikiria". Jamaa akaja akawahisha cheche, akaongeza na upepo wa tabo juu yake.

Nilipompigia: "Mafuta yenu mabaya, kaka." Nikamwomba faili langu la asili. Hakulihifadhi.

Hoja yangu: anayegusa programu ya injini achukuliwe kama anayegusa breki. Akupe nakala ya faili la asili. Arekodi namba za injini gari likiwa barabarani, siyo limeegeshwa chini ya mwembe. Aandike kwenye risiti alichobadili. Asiyeweza hayo asipewe leseni, na sheria imkataze kuuza. Mnasemaje?

Fundi umeme, Ilala

Pole mkuu, lakini usituchome wote moto mmoja.

Kwanza watu waelewe wanachonunua. Magari ya sasa hayana ule waya wa kutoka kwenye pedeli kwenda injini. Pedeli ina sensa, sensa inaliambia boksi mguu umekanyaga kiasi gani, boksi linaamua, halafu mota ndogo inafungua kile kibamba cha hewa. Kwa hiyo "gari linachelewa kuitikia" inaweza kuwa programu, na inaweza kuwa uchafu tu. Juzi kaja mama na Noah yake, anataka kutuniwa. Nikafungua bomba la hewa: koo lote jeusi kwa masizi, kibamba kinanata, na ndani ya boksi la ea klina kuna majani makavu ya mwembe, mazima kabisa. Nikasafisha kwa sprei na kitambaa, nikabadilisha ea klina na plagi, nikaacha injini ijifunze upya kunguruma gari likiwa limesimama. Kesho yake ananipigia kuuliza nimemwekea "stage" namba ngapi, yaani kiwango gani cha tuning.

Pili, mafuta. Hapa wateja wanaibiwa mchana kweupe. Injini ya petroli isiyo na tabo, ikiwa inatembea mwendo wa kawaida, boksi linasoma sensa ya oksijeni kwenye egzosi na kurekebisha mchanganyiko muda wote: uzito 14.7 wa hewa kwa 1 wa petroli. Hilo kiwanda kilishalimaliza. Anayekuambia atakupunguzia robo ya mafuta kwenye IST, mwulize anaipunguza wapi. Akikujibu kwa maneno ya "kufungua uwezo uliofichwa", chukua funguo zako uondoke. Dizeli yenye tabo ni habari nyingine. Pale msukumo unaweza kuongezeka kwa robo, unabadili gia mapema, na ukiwa na mguu mpole utaona tofauti kidogo kwenye tenki. Ila sijawahi kupata mteja aliyeongezewa nguvu akabaki na mguu mpole.

Dereva wa teksi mtandao

Mnatumia maneno mengi. Mimi nilinunua kile kisanduku kinachochomekwa kati ya pedeli na boksi. Sikugusa programu yoyote, na gari limekuwa jepesi, mguso tu limeondoka. Hamna haja ya laptopu.

Fundi umeme, Ilala

Kaka, hicho kinalidanganya boksi. Wewe umekanyaga robo, chenyewe kinapeleka habari kwamba umekanyaga nusu. Hakuna hata farasi mmoja (kipimo cha nguvu ya injini) aliyeongezeka. Ungekanyaga nusu mwenyewe ungebaki na hela yako.

Afadhali hicho lakini. Kuna vile vya kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ambayo fundi huchomeka kifaa cha kusoma makosa ya gari, vinavyouzwa kama vinaokoa mafuta. Nimefungua kimoja mwenyewe, ndani kuna vitaa vinavyowaka na kuzima basi.

Dereva wa teksi mtandao

Sasa nani kasema nilinunua farasi? Nashinda barabarani kwa muda wa saa kumi na mbili. Nikitaka kuchomeka kwenye Barabara ya Morogoro pale Ubungo, nafasi ni ya sekunde mbili. Nataka gari liingie sasa hivi, mguu usichoke. Nililipia wepesi na wepesi nimeupata. Wewe spika za gari lako zinaongeza farasi wangapi?

Fundi umeme, Ilala

Hapo umenipata.

Mwenye Golf, Nairobi

Naona mnaongea kana kwamba tuning yote ni ya kuvunja injini. Mimi gari langu liko na tabo na limetuniwa miaka miwili sasa, halijawahi kuwasha taa ya injini. Lakini yule kijana hakuniuzia faili la kununuliwa. Kwanza aliunganisha chaja kwenye betri, maana umeme ukishuka katikati ya kuandika programu, boksi linaweza kufa palepale. Kisha tukaingia barabarani na laptopu iko mapajani mwake, anaangalia shinikizo la tabo na cheche inacheleweshwa digrii ngapi. Tukarudi, akapunguza. Tukatoka tena. Mara nne. Mwisho alinipa faili la asili kwenye flashi, akaniambia niiweke pamoja na logibuku, ile hati ya umiliki wa gari.

Na kuna jambo watu wa Dar hamlifikirii. Huku tuko juu karibu mita 1,800, shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 hivi ya ile ya pwani. Injini bila tabo inapoteza pumzi hapohapo. Kwenye yenye tabo, tabo yenyewe inajaribu kufidia kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na inatoa hewa yenye joto zaidi. Faili lililopikwa kwa gari la London, kule chini, ukilileta hivyohivyo Limuru unaisukuma tabo mahali ambapo aliyelipika hakuwahi kupafikiria.

Lakini leseni nakataa. Mkileta leseni, wa kwanza kuipata ni yule mwenye kujuana na ofisa. Kijana kama huyu wa kwangu, anafanya kazi kwa kibanda cha mabati, atakuwa mhalifu kesho asubuhi, na yule wa kuuza mafaili ataitundika ukutani kwa fremu.

Mleta mada

Kwenye leseni umenitikisa, nakubali. Basi tuiache. Lakini risiti yenye maandishi na faili la asili sibanduki hapo. Ningekuwa na karatasi inayosema "cheche imewahishwa digrii kadhaa", nisingekuwa nabishana na mtu kwa simu. Na walio na bima kubwa wajiulize pia: wakati unajaza fomu uliandika kwamba gari limebadilishwa?

Mkazi wa Mbeya

Mmeongea injini, pistoni, tenki. Mimi sina gari. Naishi kando ya barabara kuu, na nawafahamu kwa moshi wenu.

Pikapu za dizeli zinapelekwa kutuniwa, zinatolewa kichujio cha masizi, halafu boksi linaandikwa upya lisiulize kichujio kiko wapi. Zinapopanda kilima na mzigo, kanga nilizoanika nazifua upya. Hayo ni "gari langu" ya nani? Uingereza, tangu Februari 2014, gari la dizeli lililotoka kiwandani na kichujio likikutwa halina, linaanguka kwenye ukaguzi wa mwaka. Kwetu trafiki anakagua kizima moto na pembetatu.

Na msidhani viwanda ni malaika. Mwaka 2015 Volkswagen walibainika kuweka programu inayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo, linajiheshimu. Likitoka barabarani linatema. Magari kama milioni 11 duniani, na kwa Marekani sumu ilifika hadi mara 40 ya kiwango. Ile nayo ilikuwa programu tu, hakuna aliyeiona kwa macho. Kwa hiyo mtu akisema tuning ni siri kati yake na fundi wake, mimi nauliza: na pua yangu iko upande gani wa hiyo siri?

Mwenye Golf, Nairobi

Dada au kaka wa Mbeya, hiyo ya kutoa kichujio siitetei. Hiyo mtu ashikwe.

Fundi umeme, Ilala

Kuna wanaokuja kwangu na hiyo kazi kila mwezi. Nilizifanya mbili, sitajificha. Kichujio kipya bei yake inamzidi mteja, naye ana mzigo wa kupeleka Tunduma kesho. Ya tatu nilikataa kwa sababu jirani yangu wa gereji ana pumu. Naomba mnihukumu taratibu.

Dereva wa teksi mtandao

Fundi, umenitia shaka. Tangu jana nimechomoa kile kisanduku. Nimejaza tenki mpaka pampu ikakata, nimeandika kilomita. Natembea wiki nzima bila chenyewe, najaza kituo kilekile, kisha wiki ya pili nakirudisha. Nitakuja na namba zote mbili hapa.

Fundi umeme, Ilala

Safi. Ea klina mara ya mwisho umeifungua lini?

Dereva wa teksi mtandao

Tangu ninunue gari? Sijawahi.

Fundi umeme, Ilala

Basi futa hizo kilomita. Ifungue leo ndipo uanze kuhesabu.