Barabara za mitaani: zirudi kwa madiwani au zibaki TARURA?

Mleta mada:

Wakuu salaam. Mvua zikianza malumbano ni yale yale. Mtaro umeziba, kalavati limebebwa, bodaboda wanapitia uwani kwa watu, na diwani anabanwa hata msibani: "Mheshimiwa, hii barabara vipi?" Naye anajibu, tena kwa ukweli kabisa, kwamba barabara haiko chini yake. Tangu Julai 2017 barabara za wilaya na za mitaa ziko TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Zamani mhandisi alikaa jengo moja na mkurugenzi, na Baraza la Madiwani likimhitaji linamsimamisha na kumhoji. Siku hizi bosi wake ni meneja wa mkoa, na juu ya meneja kuna Mtendaji Mkuu Dodoma. Barazani anakuja, taarifa anasoma, anajibu maswali. Ila mshahara wake, uhamisho wake na kupandishwa kwake cheo havitoki pale, na kila mtu ukumbini anajua.

Mimi nasema zirudi. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Haya, tuhesabu yaliyoondoka. Barabara 2017. Maji ya vijijini yakaenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, 2019. Kodi ya majengo tunakatwa tukinunua umeme wa LUKU, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Diwani kabaki na nini cha kusimamia? Nchi hii ilishawahi kufuta serikali za mitaa, mwaka 1972. Miji ikarudishiwa halmashauri zake 1978 baada ya huduma kudorora na kipindupindu kupiga hodi, wilaya zikafuata kwa sheria za 1982. Safari hii jina tumeliacha, tumekomba vilivyomo.

Karibuni. Matusi hapana.

Mhandisi Mstaafu:

Ndugu mleta mada, nimekaa kwenye hicho kiti unachokisifia. Jina la halmashauri silitaji. Nitakwambia kilivyokuwa.

Fedha za Mfuko wa Barabara zilikuwa zinaingia akaunti ya halmashauri. Zikifika, zinakuta kuna mtihani, kuna mbio za Mwenge, kuna gari la mkubwa halina matairi. "Mhandisi, tuazime kidogo, robo ijayo tunarudisha." Robo ijayo mvua zimeanza. Hilo moja.

La pili ndilo baya zaidi, na madiwani wenyewe hawapendi kulisikia. Kila mmoja anataka greda lipite kwake kabla ya uchaguzi. Kata ziko ishirini, fedha zinatosha kutengeneza kilomita nne za maana. Unafanyaje? Unagawa. Kila kata inachongwa kipande, hakuna changarawe, hakuna mtaro wa pembeni, hakuna kalavati. Wananchi wanapiga vigelegele, diwani anapiga picha. Barabara ya udongo iliyochongwa bila kutolewa maji ina maisha ya masika moja. Mwaka unaofuata mnachonga tena palepale, na kila mkichonga mnaishusha, mpaka barabara yenyewe inakuwa mfereji.

Halafu watu walikuwa wapi? Mhandisi mmoja na mafundi sanifu wawili, barabara zao, majengo yao, vibali vya ujenzi vyao. TARURA angalau imewakusanya wataalamu mahali pamoja. Nendeni Kigoma mkaone madaraja ya mawe, yanajengwa kwa mawe ya hapohapo na mafundi wa hapohapo, kwa gharama ndogo kuliko ya zege. Baraza lipi lingekaa kufikiria hilo?

Shida ya barabara zetu ni fedha. TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ina mtandao wa kilomita kama 36,000, TARURA ina zaidi ya 144,000. Mgawo wa Mfuko wa Barabara umekuwa 70 kwa mwenye chache na 30 kwa mwenye nyingi. Kubali kwamba barabara kuu ni ghali zaidi, bado hesabu ni ngumu. Ndiyo maana 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na kila jimbo likapewa milioni 500. Ukirudisha barabara halmashauri bila kugusa hesabu hiyo, umehamisha mafaili tu.

Kijana wa Stendi:

Mzee Mhandisi umeongea. Mimi naongeza moja, siogopi mtu. Mnasema zirudi kwa madiwani, madiwani gani? Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Diwani ni wa chama tawala, mwenyekiti wa halmashauri ni wa chama, wenyeviti wa mitaa 2024 zaidi ya asilimia 98 ni wa chama hichohicho. Nani atamuuliza nani? Baraza likikaa ni makofi na posho. Bora nibaki na mhandisi asiyetafuta kura.

Mleta mada:

Kijana, hoja hiyo ina makali lakini inakata pande mbili. Kama baraza ni dhaifu, dawa ni kulinyang'anya kazi au kulipa meno? Mtu asiyetafuta kura hana sababu ya kuniogopa. Diwani wangu hata awe mzembe namna gani, namjua anakonunua mboga.

Na kwako Mzee, shikamoo. Sijasema fedha zinatosha. Nasema chache zilizopo, nani anaulizwa zikipotea?

Bi Mkubwa wa Sokoni:

Nyie wanaume mnabishania nani awe na barabara, sisi tunaipita. Niwaulize swali moja.

Kwetu alikuja mkandarasi, akachimba mtaro mbele ya vibanda vyetu. Udongo akaurundika upande wa wateja. Kuvuka tukawa tunawekeana mbao, na kuna mama mjamzito alidondoka pale. Mawe wakajengea nusu ya mtaro, nusu nyingine wakaacha udongo mtupu, wakakusanya mashine wakaondoka. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akasema mwanangu mimi sina hata barua ya hii kazi. Mtendaji akanituma wilayani. Wilayani nikaambiwa kazi imeshapokelewa.

Imepokelewa na nani? Maana sisi tuliokaa pale kutwa hatukuona mtu wa kupokea. Sasa ukiniambia barabara irudi huku au ibaki kule, mimi nataka kumjua huyo aliyeweka sahihi.

Mjumbe wa Kamati:

Bi Mkubwa, hapo ndipo penyewe. Naomba nieleze kidogo, maana nimekuwa kamati ya mapokezi shule ya sekondari ya kata yetu.

Mnakumbuka mwaka 2021 ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3, fedha za UVIKO, ukajenga madarasa 15,000 nchi nzima. Kwetu yalijengwa kwa force akaunti, yaani hakuna mkandarasi. Fedha inakuja akaunti ya shule, mafundi ni wa mtaani, na kamati zinatoka kwa wananchi: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Mimi sikusoma uhandisi, nauza vipuri. Lakini lori la saruji likifika mchana wa jua kali sisi tupo, tunahesabu mfuko kwa mfuko, pungufu tunaandika pungufu. Nondo zikija za milimita 10 badala ya 12, fundi mwenyewe ndiye alitunong'oneza. Lori likarudi na mzigo wake.

Sisemi tulikuwa malaika. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kila mwaka zina malalamiko kuhusu force akaunti: kumbukumbu mbovu, usimamizi hafifu, kazi kuchelewa. Kweli kabisa, kuna kamati zilisainishwa karatasi tupu. Hata hivyo watu wa mtaa walikuwa na mahali pa kuweka sahihi, na hivyo pa kugoma kuiweka. Darasa la milioni 20 lina kamati tatu. Barabara ya milioni 200 inayopita mbele ya darasa hilohilo, mtaa hauna hata mjumbe mmoja kwenye mapokezi. Hili ndilo mimi naona ni ajabu, iwe TARURA iwe halmashauri.

Mkandarasi Mdogo:

Nilikuwa nasoma kimyakimya, sasa mmenigusa.

Mnajua mkandarasi wa daraja la chini anaishije? Anakopa benki dhamana nyumba, anakodi greda kwa siku, anaweka dizeli, anamaliza, anaomba hati ya malipo, halafu anasubiri. Miezi. Riba ya benki haisubiri. Sasa mnataka kabla ya hati kupita nitafute sahihi ya kamati ya mtaa. Mjumbe, wewe unahesabu nondo kwa uaminifu, Mungu akubariki. Mwenzako mtaa wa pili atasema "mkandarasi, kamati haijanywa chai". Nikiwa na mitaa saba kwenye mkataba mmoja, nanunua chai mara saba.

Na ushindiliaji mtaupimaje? Barabara inaweza kupendeza kwa macho na tabaka la chini limeoza. Au kinyume chake, mtaalamu kaipitisha, mtaa wanagoma kwa sababu kalavati halikuwekwa kwa mwenyekiti. Hayo nimeyaona.

Huo mtaro wa Bi Mkubwa sijui habari zake, lakini mara nyingi nusu ya mawe na nusu ya udongo maana yake fedha ya mkataba iliishia pale. Ilichorwa hivyo. Mwenye kosa ni aliyeshindwa kumwambia mwananchi.

Bi Mkubwa wa Sokoni:

Mwanangu, kama ilichorwa hivyo, kumwambia kulishindikana nini? Karatasi moja tu kwenye nguzo ya soko. Mita kadhaa mawe, mita kadhaa udongo, bei hii, simu hii. Nisingepoteza nauli.

Jirani wa Namanga:

Naandika kutoka upande wa Kenya, nisamehewe kudandia. Huku Katiba ya 2010 ilisema wazi barabara za kaunti ni za kaunti. Lakini KURA na KeRRA, mamlaka za kitaifa za barabara za mijini na za vijijini zilizoundwa na sheria ya 2007, hazikuondoka, na ushuru wa mafuta ukawa ndio vita vyenyewe. Magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za matengenezo. Mwananchi akimuuliza MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, anaambiwa hiyo ni ya KeRRA. Akiuliza KeRRA, hiyo ni ya kaunti. Kwa hivyo mkizirudisha, mrudishe na pesa zake na mtaje barabara kwa majina. Mkirudisha nusu, mtapata ofisi mbili za kukutuma kwa nyingine.

Mhandisi Mstaafu:

Jirani, asante, ndicho ninachokihofia.

Mjumbe, nimekusoma mara mbili. Nakupa nusu. Kuna mambo mtaa unaweza kuyapokea bila maabara: urefu wa kipande, idadi ya makalavati, upana wa mtaro, unene wa changarawe. Huo wa mwisho unachimba kwa jembe unaweka rula. Ushindiliaji, ubora wa zege na mteremko wa maji mwachieni anayeweza kufungwa akidanganya, yaani mhandisi aliyesajiliwa. Kwa hiyo mtaa usipewe sahihi ya malipo, upewe fomu ya vipimo inayoambatana na hati. Mhandisi akilipa wakati fomu inasema makalavati manne na mkataba unasema sita, mkaguzi wa CAG akija ana pa kuanzia. Na mkandarasi hanunui chai, kwa sababu fomu haizuii fedha zake.

Kijana wa Stendi:

Fomu isiyozuia fedha inasomwa na nani Mzee? Itafungia maandazi.

Mjumbe wa Kamati:

Hapo namuunga mkono Kijana. Kule shuleni lori lilirudi kwa sababu tuliweza kulirudisha. Tungekuwa na fomu tu, nondo za 10 zingekuwa ukutani leo. Hofu ya Mkandarasi naielewa, basi tuwekeeni siku. Kamati ipewe siku saba, ikikaa kimya malipo yanapita, ikigoma iandike sababu ya kupimika na mhandisi aje site tupime wote. "Hatujanywa chai" haipimiki.

Mkandarasi Mdogo:

Siku saba naweza kuishi nazo. Ila sababu iandikwe na ibandikwe hadharani, na jina la aliyegoma liwepo. Na kwenye kipindi cha matazamio, ule mwaka baada ya kukabidhi, kamati hiyohiyo ndiyo inipigie mimi simu kalavati likiziba takataka, isisubiri lipasuke halafu mseme nimeiba.

Mleta mada:

Mimi kwenye kurudi bado nipo palepale, maana siku saba hizo atakayezilinda ni nani kama si mtu niliyempigia kura? Mzee atasema mkataba. Mkataba unasainiwa wilayani. Lakini hili la mapokezi halihitaji Bunge wala kuvunja TARURA, linaweza kuingizwa kwenye masharti ya zabuni zinazokuja. Mkutano wa mtaa wetu uko mwezi ujao, nalipeleka kama ajenda liende Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mjumbe, naomba nakala ya ile daftari yenu ya mapokezi, kurasa mbili tatu tu, nione mlivyopanga safu. Bi Mkubwa, huo mtaro umepimwa urefu?

Bi Mkubwa wa Sokoni:

Kwa kamba ya mzigo. Mita 84 mawe, 61 udongo. Leteni na mchoro.