Kiyoruba ni cha Kwa au cha Benue-Kongo?

Mwanafunzi wa Kadutu:
Wakubwa, nawasalimu kutoka Bukavu. Ninaandaa kazi ya darasa juu ya lugha za Afrika, na vitabu viwili nilivyoazima vinapingana: cha zamani kinakiweka Kiyoruba katika kundi la Kwa pamoja na Kiewe na Kiakan, ilhali kipya kinakiingiza katika Benue-Kongo, ambamo zimo pia lugha za Kibantu kama Mashi na Kihavu. Nifuate kipi, na undugu huo unatoka wapi ikiwa Kiyoruba hakina ngeli?

Mwalimu wa Ibanda:
Mdogo wangu, fuata kipya, lakini eleza chanzo cha tofauti. Katika uainishaji wake wa 1963, mwanaisimu Joseph Greenberg aliziweka Kiyoruba, Kiigbo, Kiedo na Kinupe ndani ya Kwa. Mwaka 1977 wanaisimu Bennett na Sterk wakapendekeza kwamba lugha hizo za mashariki zihamishiwe Benue-Kongo, na wanaisimu wengi wakawafuata. Siku hizi wengine huziita Volta-Niger. Ngeli zisikubabaishe: Kiyoruba kilipoteza upatanisho wake wa ngeli, na irabu zinazoanza nomino zake nyingi huhesabiwa kuwa mabaki ya viambishi vya kale. Undugu hupimwa kwa sauti zinazolingana kwa utaratibu katika maneno ya msingi.

Mama wa Nyawera:
Kabla ya kuzifikia lugha za Kibantu, mwanafunzi ataje kwanza ndugu wa karibu wa Kiyoruba: Kiigala, mashariki ya makutano ya mito Niger na Benue, na Kiitsekiri cha pande za Warri. Hicho cha pili kinafundisha jambo. Waitsekiri husimulia kwamba ukoo wao wa kifalme ulitoka Benin, mji wa Waedo, na hata hivyo lugha yao inakaribiana sana na Kiyoruba, si na Kiedo. Asili ya wafalme ni habari nyingine.

Mwanafunzi wa Kadutu:
Asanteni. Je, naweza kutaja toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, kama ushahidi, kwa kuwa Mashi pia inazo?

Mwalimu wa Ibanda:
Hapana. Kilendu cha Ituri kina toni, nacho ni cha kundi la lugha liitwalo Sudani ya Kati, nje kabisa ya Niger-Kongo, ile familia kubwa yenye Kwa na Benue-Kongo. Taja badala yake Kizande cha Uele: katika mpangilio uliozoeleka kimo katika Niger-Kongo, lakini katika tawi la mbali zaidi, hivyo Mashi iko karibu zaidi na Kiyoruba cha Nigeria kuliko na Kizande cha nchi yetu wenyewe.