Mchoro wa moyo kwa wanafunzi wasioona, bila mashine

ChakiNyeupe: Wakuu, habari za kazi. Nafundisha baiolojia Kidato cha Pili. Wanafunzi watatu hawaoni kabisa, mmoja ana uoni hafifu. Mashine ya kupasha joto karatasi ambazo mistari yake huvimba hatuna. Kuna Perkins (taipureta ya nukta nundu), karatasi za nukta nundu na vitu vya dukani. Mchoro wa moyo wa kitabuni ukibandikwa nyuzi kama ulivyo, wanapapasa lakini hawaambulii kitu. Nibadilishe nini?

BiMkubwa_Nukta: Mwalimu, uzi hauna kosa, mchoro ndio umejaa mno. Mistari miwili ikikaribiana chini ya milimita 3, kidole kinaisoma kama mmoja. Ondoa vivuli, mafuta na vimishipa vya juu ya moyo. Kisha gawa kazi karatasi mbili: ya kwanza iwe na ukuta na chemba nne tu, ya pili iongeze vali, mishipa mikubwa na mishale ya damu.

Ukuta wa nje tumia kamba ya katani, wa kati uzi wa sufu. Ventrikali (chemba ya chini) ya kushoto ipange kamba mbili sambamba, maana ukuta wake ni mnene kweli na hapo ndipo swali la mtihani linapotoka. Chemba za damu yenye oksijeni zibandike msasa laini, nyingine ziache tupu. Msasa mkali uepuke: unatia ganzi ncha za vidole, na baada ya hapo hata nukta hazisomeki vizuri.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha, lakini ipake kwa kijiti. Ikichuruzika pembeni ikakauka, mwanafunzi anapata mstari ambao haupo kwenye moyo.

Majina usiyaandike mazima, hayaenei. Piga herufi mbili kwa Perkins (vk, vs, ak, as: v ni ventrikali, a ni atria, yaani chemba ya juu, k ni kulia, s ni kushoto), kata, bandika ndani ya chemba yenyewe, zote zikielekea upande mmoja. Maelezo yake yaende karatasi ya pembeni. Mistari ya kuelekezea majina ifute kabisa, vinginevyo itahesabiwa kuwa mishipa.

Fundi Manila: Ukitaka nakala za haraka, tandika tyubu ya gari iliyopasuliwa, weka manila juu, pita na kigurudumu chenye meno cha mafundi cherehani. Nundu hutokea upande wa pili, kwa hiyo chora kinyume. Kwenye moyo hili si dogo: ukisahau, ventrikali nene inahamia upande usio wake. Karatasi ya kawaida ya fotokopi inachanika.

ChakiNyeupe: Asanteni sana. Halafu kulia na kushoto kwenye moyo?

BiMkubwa_Nukta: Andika juu kabisa, kabla ya mchoro: "Moyo wa mtu aliyekutazama; kulia kwake ni kushoto kwako." Asome hilo kwanza, ndipo aweke mikono yote miwili. Mkono mmoja ubaki kwenye aota (mshipa mkubwa utokao ventrikali ya kushoto) kama alama, mwingine utembee.

Yule wa uoni hafifu mpe nakala yake: mistari myeusi ya maka peni nene, maandishi ya pointi 18 au zaidi, karatasi isiyong'aa. Usiifanyie laminesheni, inarudisha mwanga machoni. Nyekundu na bluu zisibebe maana peke yake; ongeza mistari ya mshazari upande mmoja.

Fundi Manila: Na za manila zihifadhi zikiwa wima ndani ya boksi. Ukizirundika, nundu zinalala.