Tupeane uzoefu: hela ya chakula unaifikishaje mwisho wa mwezi?

Mama wa Tabata

Habari zenu wapendwa. Naomba tuelekezane hapa, hasa wenye familia. Sitafuti ule ushauri wa "punguza matumizi", nataka kila mtu aseme kwake anafanyaje, anatenga shingapi, ananunua wapi na hela inapotelea wapi.

Naanza mwenyewe. Tuko sita, mimi, baba watoto, watoto watatu na mdogo wangu anayesoma chuo. Chakula tumekitengea laki nne na nusu kwa mwezi, gesi ikiwemo, luku na maji viko pembeni. Siku ya mshahara nabeba vya stoo vyote, mchele, unga, maharage, sukari, mafuta, chumvi, majani, sabuni, na stoo inajaa kweli, ila ikifika tarehe kumi na nane hivi mfukoni hamna kitu na mchele bado upo. Nikasema hapana, nikachukua daftari nikaanza kuandika kila shilingi inayotoka hata ya bamia. Ndo nikaona stoo haina shida yoyote, shida ni genge. Nyanya za buku, kitunguu, nazi, karoti, hoho, ndimu, mchicha, dagaa, mtoto katumwa na elfu mbili hajarudi na chenji, ukijumlisha kwa mwezi genge linakula zaidi ya mchele, unga na mafuta kwa pamoja! Na hiyo ni genge la hapo nje, sijagusa nyama wala samaki.

Kwa hiyo sahivi hela iko mafungu mawili yasiyokutana. Ya stoo inaisha siku ileile ya mshahara. Ya genge naiweka kwenye laini ya pili ya simu ambayo sifanyii kitu kingine, kila Jumatatu natoa ya wiki hiyo tu, ikiisha Ijumaa tunakula maharage mpaka Jumatatu. Jumamosi asubuhi naenda Ilala au Buguruni, nachukua sado la nyanya na vitunguu vya wiki mbili, nyanya nasaga nachemsha mpaka maji yakauke naweka kwenye vikopo kwenye friza, nazi nakuna na kukamua kwa pamoja tui nalo linaenda friza. Watoto wanajua kopo moja ni mboga moja.

Na kingine, mwezi hauna wiki nne. Una wiki nne na siku mbili tatu, na hizo siku mbili tatu ndo zinatupeleka kwenye daftari la madeni la Mangi wa dukani. Gawa hela yako kwa tano, sio kwa nne.

Karibuni, na wenye njia nzuri zaidi naomba mseme maana hii ndo inayonibeba mimi, sio lazima iwafae wote.

Fundi wa Mbagala

Dada shukrani kwa uzi, ila umeanza na siku ya mshahara na hapo wengi wetu tunabaki nje. Mi ni fundi wa kuchomelea, kuna siku naingiza elfu hamsini kuna siku narudi na nauli tu. Mtu wa hivi hawezi kujaza stoo, ananunua unga nusu, sukari robo, mafuta ya kupima ya mia tano, na hapo ndo maskini anapolipa zaidi kuliko tajiri, hili linaniuma kweli. Piga hesabu ya mafuta ya kupima ya elfu moja moja mpaka yafike lita tano, uone umelipa hela ambayo ungenunulia dumu zima na kilo mbili za sukari juu yake.

Mtaani kwetu tulichofanya tuko familia nane, kila nyumba inatoa elfu moja kwa siku, anapita mama mmoja jioni kukusanya na kuandika. Mwezi ukiisha ni laki mbili na arobaini, hiyo ni gunia la mchele Tandale ukienda mwenyewe na ukajua kubembelezana. Tunakodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, na majirani wengine wenye mizigo yao ili nauli igawanyike, likifika tunapima kwa mizani mbele ya wote, kila nyumba kilo kumi na mbili na kitu. Mwezi unaofuata tunafanya hivohivo kwa mahindi au maharage. Sharti letu ni moja, huna ya leo sema leo, kesho utoe mbili, ukinyamaza siku tatu unapumzishwa mzunguko huo na hela yako unarudishiwa bila ugomvi. Tusipoweka wazi hivo urafiki unakufa.

Elfu moja kwa siku inatoka hata siku mbaya. Elfu thelathini kwa mkupuo kwangu haitoki.

Mdau wa Sinza

Mama wa Tabata hiyo laini ya pili angalia makato. Kutoa kila wiki unaacha hela ya mchicha kwa wakala. Mi natoa yote mara moja, naweka kwenye bahasha tano, bahasha anashika mke wangu mimi hata sijui zilipo.

Mwenyeji wa Uyole

Mimi niko Mbeya na ndugu zangu wako Dar, kwa hiyo nasema kutoka upande wa mahindi yanakotoka. Watu wa mjini mnanunua kwa mwezi wakati chakula kinavunwa kwa msimu. Huku mahindi yanaanza kushuka bei Juni, Julai, Agosti, ikifika Desemba mpaka Februari mkulima mwenyewe ameshauza, bei inapanda tu. Sisi nyumbani tunanunua mahindi ya mwaka mwezi wa saba, na mchele wa Kyela ukishatoka shambani hivohivo. Mwezi hadi mwezi tunabaki na hela ya mafuta, sukari na mboga, basi.

Najua mtauliza hela ya mara moja inatoka wapi. Tuna kikoba, tulikubaliana kuvunja Juni badala ya Desemba, vikoba vingi vinavunja Desemba hela inaishia kwenye nguo za sikukuu.

Sasa uhifadhi, hapa watu wengi wanapoteza. Mahindi yakauke sawasawa, ukiyang'ata yavunjike kwa mlio, halafu weka kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa yenye nailoni mbili kwa ndani, funga nailoni moja moja kwa nguvu. Wadudu waliomo wanamaliza hewa wanakufa wenyewe, huhitaji dawa. Ila usifungue kila wiki, ukifungua unawapa hewa tena. Toa debe moja, peleka kwenye ndoo, funga mfuko. Maharage nayo hivohivo maana yanabunguliwa haraka kuliko mahindi. Na panya wakitoboa nailoni umepoteza kila kitu, weka juu ya mbao mbali na ukuta.

Msikoboe jamani, dona inashibisha na hupotezi pumba zako kwa mwenye mashine.

Mama wa Githurai

Hapa Nairobi mambo ni hayohayo. Mwaka 2022 kabla ya uchaguzi pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi mia mbili za Kenya, serikali ikaweka ruzuku ikashuka hadi mia moja kwa muda mfupi halafu ikapanda tena. Tangu hapo niliacha unga wa pakiti. Nanunua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, napeleka kusagwa kwa mashine ya posho, na nyumba yangu haijalala njaa.

Kitu naogopa zaidi ni mkopo wa simu. Uko dukani, shopingi imepita kidogo, simu inakukopesha papo hapo, mshahara ukiingia inakatwa kwanza, unaanza mwezi ukiwa na pengo na unakopa tena kufunika hilo pengo. Mimi siendi sokoni na simu, naenda na pesa mkononi pekee, ikiisha narudi nyumbani. Jumamosi alfajiri niko soko la Marikiti na jirani yangu, tunanunua kabichi, vitunguu na viazi kwa wingi tunagawana. Sukuma na managu napanda kwa magunia nje ya mlango, mama mboga namwendea siku za nyanya tu. Naye namheshimu sana, amenipa mboga kwa deni nikiwa sina hata shilingi.

Baba Watatu, Kimara

Niseme upande wa wanaume kidogo. Nyumba nyingi kodi ya meza inaachwa asubuhi, elfu kumi mezani, mtu anaondoka. Ukiacha elfu kumi kila siku ni laki tatu kwa mwezi na hakuna anayeiona kama laki tatu, na mama hawezi kununua chochote kwa jumla hata akitaka kwa sababu anaona elfu kumi tu. Hapo unamlaumu nini? Tulikaa mimi na mama watoto tukaweka hela yote mezani ya mwezi mzima, nikamwachia. Sasa anajua kuku akinunuliwa kinapungua nini, na mimi nikitamani samaki namuuliza kwanza kama wapo kwenye bajeti. Ugomvi wa chakula ndani ya nyumba yetu umeisha. Wanaume wenzangu wanaosema mke hajui kutunza hela, je ulishampa ya kutunza?

Bi Mwanakwerekwe

Assalaam aleikum. Mie nipo Unguja, kwetu miezi kumi na moja bajeti inakwenda vizuri, Ramadhani ndio mtihani. Muhogo, majimbi, ndizi, nazi, tende, vyote vinapanda ndani ya wiki moja na kila nyumba inataka vyote. Naanza kuweka tangu Rajab, kila wiki kilo ya sukari au unga wa ngano au pakti za tambi, kidogo kidogo, Shaaban ikiisha kabati limejaa. Ndani ya mwezi wenyewe nanunua vibichi tu.

Na nitasema wazi, sahani ya jirani siikati. Naihesabu kwenye bajeti kabisa, watu wawili zaidi kila magharibi. Kuna mzee mmoja karibu yetu hana mtu.

Mdau wa Sinza

Wageni je? Sisi tuna ndugu wanafika bila simu wanakaa wiki mbili.

Mama wa Tabata

Asanteni sana, nimeandika mengi hapa. Bahasha naanza mwezi huu, hayo makato sikuwa nayahesabu kwenye chakula.

Wageni nimewatengea kwenye stoo badala ya pesa, kilo tano za mchele, mbili za maharage na tatu za sukari hazimo kwenye hesabu ya kila siku. Wasipokuja zinaingia mwezi unaofuata, na hiyo akiba ilitusaidia mwanzo wa 2024 sukari ilipoadimika baada ya zile mvua za El Niño kuharibu uvunaji wa miwa, bei elekezi ilitangazwa lakini dukani kwetu ilikuwa juu zaidi, sisi tulikuwa na kilo tatu za wageni ndani.

Fundi wa Mbagala nimekuelewa, na naomba uniambie kitu, mama anayekusanya mnamlipa au anajitolea? Hapa kwetu tuko wapangaji saba nyumba moja, kila mtu ana jiko lake na kila mtu anapima mafuta peke yake.

Fundi wa Mbagala

Tunampa kilo moja zaidi kwenye mgao, tunaitoa kwenye gunia kabla ya kugawana. Anzeni na mafuta, nyumba saba dumu la lita ishirini linawatosha na halihitaji kirikuu.